Nani Awasimamie Waunga Mifupa

Afisa wa afya aitwaye Salah alitukusanya ukumbini Garissa ili tuchague nani awasimamie waunga mifupa. Wenyewe walikuja kutoka Wajir, Takaba na Sangailu, wamevaa makoti juu ya vikoi. Wauguzi wa hospitali walikaa upande wa pili, chini ya feni. Feni ilikuwa moja. Mimi niliitwa kwa sababu kanuni zinataka mgonjwa awepo, na mgonjwa wa kwanza kualikwa alisema ana harusi.

Naitwa Samsam, nauza maziwa ya ngamia. Mwaka jana nilianguka kutoka kwenye pikapu nikavunjika kiwiko. Adeer Bare, ndugu wa baba yangu, akaniunga. Alinifunga vijiti na vitambaa, akanisomea dua, akaninyima chai kwa sababu ambayo sijaielewa hadi leo. Vijiti vilipofunguliwa, mkono ulikuwa umejikunja, haukutaka kunyooka wala kupanda kupita kifua. Adeer aliutazama akasema alhamdulillahi, haukuoza. Tangu hapo siwezi kubeba jerikeni begani. Biashara yangu sasa ni kukaa kando ya barabara nikingoja mwanamume mwenye huruma anipandishie mzigo. Nina hasira, na sioni haya kusema.

Mapendekezo yalikuwa mawili: bodi itakayokaa hospitalini, au wazee wa koo, kama siku zote.

"Sisi iko na usimamizi tangu zamani," alisema mzee mmoja wa Takaba. "Nikiharibu mguu ya mtu, wazee yake nakuja kwa wazee yangu. Ukoo yangu nalipa. Hiyo bodi ya hosbitali nalipa nani?"

Waunga mifupa wakaitikia. Hata wauguzi wawili waliitikia, kisha wakakumbuka wamekaa upande gani.

Nikaomba kusema. "Na mtu akiharibiwa na wa ukoo wake?"

"Hiyo iko namna gani?"

"Mimi na adeer Bare ni ukoo mmoja. Wazee wangu waende kwa wazee gani?"

Mzee alilifikiria jambo hilo kwa dhati. "Watakaa wao kwa wao."

"Walishakaa. Wakanywa chai, wakasema ukoo umejidai fidia na umejilipa."

Hakuna aliyecheka. Kwa wengi wao hesabu hiyo ilikuwa sawa kabisa.

Adeer Bare aligeuka kwenye kiti chake cha mbele. "Samsam, mimi na baba yako tumenyonya titi moja."

"Najua, adeer."

"Basi sawa," alisema, akageuka tena.

Salah akatangaza kura. Wanaotaka wazee, wainue mkono wa kulia, wakainua, akahesabu. Wanaotaka bodi, wauguzi wakainua, akahesabu. Zikalingana, na mimi nilikuwa bado. Ukumbi mzima ukanigeukia.

Mkono wangu wa kushoto ni mzima, lakini huo si mkono wa kutolea neno mbele ya wazee. Nikainua wa kulia. Ulifika kifuani ukaishia hapo.

Salah akavua miwani. "Dada, umepiga kura ya bodi, au unatengeneza mtandio?"

"Nimepiga."

"Hiyo bado kuinuka," alisema mzee wa Takaba. "Kura lazima ionekane."

Wakaanza kubishana kama mkono ulio kifuani ni mkono ulioinuliwa. Mmoja wa Sangailu alisema ni nusu kura. Muuguzi mmoja, akitaka kusaidia, alishauri nisimame juu ya kiti. Kiwiko kilikuwa kinawaka moto, lakini niliapa moyoni kwamba sitaushusha mkono hata wakibishana mpaka magharibi.

Adeer Bare akainuka, akaja mpaka nilipokuwa, akanishika kiwiko kwa vidole vilevile vilivyonifunga vijiti. Akausukuma mkono juu taratibu. Haukwenda. Akapapasa pale mfupa ulipojishikia vibaya, akasukuma tena. Niliuma meno. Safari hii aliniangalia usoni, na nikaona amejua.

"Andika," alimwambia Salah. "Hiyo imeinuka. Hapo ndiyo mwisho yake."

Salah akaandika. Adeer hakurudi kwenye kiti chake. Alibaki amesimama kando yangu, ameshikilia kiwiko, mpaka nilipomwambia sasa tunaweza kuushusha.