Mtani Aliyetwaa Beji ya Katarina

Mambo ya Raymundi Bundala yaliharibika Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, kwenye dirisha la vifurushi pale stendi ya mabasi Tabora. Karani alimwuliza ndani ya kile kifurushi kuna nini. Raymundi akacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimemtoka tangu amzike mkewe, akajibu kwamba mle ndani kuna utani. Karani hakuwa na nafasi ya mafumbo. Aliandika "vitu vidogo", akabandika karatasi, akakitupa kwenye rundo la mizigo ya Dar es Salaam. Raymundi akapanda baiskeli yake kurudi Kwihara, upepo wa kipupwe unampiga kifuani, naye anapiga mluzi.

Ndani ya kifurushi, katika kipande cha kanga, ilikuwamo beji ya Katarina.

Beji yenyewe ndogo, haizidi ukucha wa kidole gumba, ya shaba yenye rangi ya bluu na nyeupe. Walipewa wanakwaya walioimba Tabora mwaka wa tisini, Papa alipokuja. Katarina alikuwa binti bado, anaimba sauti ya kwanza, na tangu hapo hakuna Jumapili aliyokwenda kanisani bila beji ile kifuani. Ilipochubuka pembeni alikataa isipelekwe kwa fundi. Alisema yeye mwenyewe amechubuka na hakuna aliyempaka rangi. Alipolala kitandani mara ya mwisho alimshika mumewe mkono akamwambia, "Beji yangu mpe Recheli."

Recheli ni mtoto wao wa pekee, ameolewa Usoke, mwanakwaya kama mama yake. Raymundi aliitikia. Matanga yakaanuliwa, arobaini ikapita, binti hakuidai na baba hakuitoa. Kila alipotaka kuitoa aliona nyumba itabaki tupu mno. Akasema atampa Krismasi. Krismasi ilipofika akasema Pasaka.

Ukimwuliza Raymundi nini kilimwondoa Katarina, hakutajii ugonjwa. Atakutajia watu. Atakutajia mganga mkuu aliyeandika dawa ambayo duka la hospitali halikuwa nayo, na mwenyekiti wa kijiji aliyesema gari la wagonjwa limekwenda kwenye mkutano. Akimaliza hao ataingia kwa viongozi wa chama cha msingi cha wakulima, walioikataa tumbaku yake kwamba ina unyevu, mwaka ule ule ilipokuwa kavu inapasuka kama mkate wa juzi. Kwake yeye dunia haikuharibiwa na shetani, iliharibiwa na watu wenye viti. Yeye aliishia darasa la nne, na hilo nalo alikuwa na mtu wa kumbebesha.

Habari ya beji ilianzia kwa Awadhi, fundi saa wa sokoni. Raymundi alikwenda kutiliwa saa yake mkanda, amevaa koti lenye kibeji cha bendera alichopewa na mgeni mmoja aliyekuja kuangalia tembe, ile nyumba ya kale ya makumbusho. Awadhi akakishika, akakigeuza nyuma kuangalia pini yake, akauliza kama nyumbani viko vingine. Viko kopo zima, alijibu Raymundi. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa mikutano, hakurudi hata siku moja bila kitu kifuani. Kulikuwa na beji za chama, za mwenge, za kisomo cha watu wazima, za maonyesho ya wakulima. Awadhi akamwambia kuna watu nchi nzima wanabadilishana vitu hivyo kwa simu, cha huku kwa cha kule, bila pesa. Papo hapo akamwingiza kwenye kundi lao.

Raymundi alikuwa anasoma kwa kuburuta, midomo inacheza, kwa hiyo alipendelea kutuma sauti. Siku za mwanzo alikuwa anasalimia watu wote kundini, mmoja mmoja, shikamoo na habari za nyumbani, mpaka kijana mmoja akamwomba mzee apunguze, simu zinajaa. Lakini wengine walimpenda. Mayala, mnunuzi wa pamba wa Igunga, alimletea beji ya treni kwa beji ya mwenge, akaongeza na salamu za mkewe. Nyumba iliyokuwa imekaa kimya ikaanza kulia lia kama kifaranga: ujumbe umeingia, mtu anauliza, mtu anasifia. Raymundi alikuwa anakula ugali simu ikiwa upande wa pili wa sahani, mahali pa Katarina.

Kundi lilikuwa na sheria zake, zimeandikwa ndefu kama Waraka kwa Warumi. Hakuzisoma. Awadhi alimtajia mbili: mgeni hutuma kwanza, na ukipokea vya mwenzako usivirudishe ndani ya wiki, basi mmekubaliana, hakuna tena kurudi nyuma. Awadhi alimwambia na la tatu, hilo halikuwa la kundi, lilikuwa lake mwenyewe: tuma vya kwenye kopo tu.

Sasa ya Katarina haikuwa kwenye kopo. Ilikuwa kwenye kitabu cha nyimbo, imechomekwa kwenye jalada. Siku moja watu wanaonyeshana vitu vyao vya thamani, Raymundi akaona naye asiwe nyuma. Akaipiga picha juu ya kitambaa cheupe, akaituma, akasema kwa sauti kwamba hii ni ya marehemu mke wangu, hii haibadilishwi hata kwa ng'ombe.

Hapo ndipo alipotokea Pazi, wa Dar es Salaam.

"Mnyamwezi," ilisema sauti yake, nzito, yenye kicheko ndani, "babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka huko mpaka pwani, akaja kulala uani kwa babu yangu, akala wali wetu. Leo wewe unaninyima kibeji? Tua mzigo huo."

Raymundi alisimama. Aliisikiliza tena, amesimama vile vile. Halafu akabonyeza na kujibu, "Mzaramo wewe uliyeuza shamba ukacheze ngoma! Nitue mzigo wangu kwako, kesho niukute mnadani?"

Wakaendelea hivyo siku kadhaa, kundi zima linacheka. Lakini kwa Raymundi hayakuwa ya kuchekea tu. Yeye alikulia kwa babu aliyemfundisha kwamba Mzaramo ni mtani, na utani una kazi. Wapagazi walipokufa njiani kwenda pwani, mtani ndiye aliyewazika. Na mtani akija msibani anafanya fujo yake: analala mahali pa maiti, anaiga kikohozi cha marehemu, anatwaa kitu cha marehemu na kukaa nacho, hakitoi mpaka akombolewe. Wafiwa wanambembeleza, wanampa kuku au pombe, naye anakirudisha. Mtani haibi. Mtani hutwaa, na kilichotwaliwa hurudi. Kikisharudi ndipo watu wanajua msiba umekwisha.

Kwenye msiba wa Katarina hakutokea mtani. Palikuwa na viongozi. Mwenyekiti alisoma risala, mwakilishi wa diwani akatoa pole kwa niaba, watu wakatazama saa zao. Hakuna aliyemwiga Katarina. Hakuna aliyechekesha. Raymundi alirudi kutoka makaburini akiona msiba haujaisha.

Kwa hiyo Pazi aliposema, "Basi natwaa beji ya marehemu, mtani, na siitoi ng'o mpaka nikombolewe," Raymundi hakusikia mtu anayetafuta beji. Alisikia mtu aliyechelewa msibani, akafika. Macho yakamjaa machozi. Akaikata kanga ya Katarina pindoni, akaifunga beji, akaenda stendi.

Pazi alituma vyake haraka: beji tano, mpya, zinang'aa, moja ya timu ya mpira, nyingine ya hoteli ya Zanzibar, nyingine hata Awadhi hakujua ni za nini. Raymundi alizipokea kama rambirambi. Rambirambi hairudishwi, kuirudisha ni kumtukana aliyeileta. Wiki ikapita, na nyingine. Yeye alikuwa anatafuta asali. Alikwenda mwenyewe kwa warina asali wa msituni, akachagua ile nyeusi ya miombo, akaichuja kwa kitambaa, akaijaza kwenye galoni, akaipandisha basi. Hilo ndilo komboleo.

"Asali tamu, Mnyamwezi," Pazi alijibu. "Ulibeba kichwani au ulikodi punda?"

Raymundi akacheka, akangoja. Alikwenda stendi, hakuna kitu. Akaenda tena. Mwisho akatuma sauti kwa adabu zote, akasema mtani, umekula, umeshiba, sasa mrudishe marehemu nyumbani.

Jibu lilipokuja, kile kicheko cha ndani hakikuwamo.

"Mzee wangu," alisema Pazi, "kumbe ulikuwa unasema kweli? Mimi nilidhani tunachangamsha biashara. Mambo hayo ya kukomboa alikuwa anayajua babu, mimi nimezaliwa Magomeni. Nilikutumia tano, hukurudisha hata moja. Beji nimeshabadilishana na mtu wa Polandi, wale wanazipenda za Papa. Imeshavuka maji. Nisamehe, sikujua."

Raymundi alirudia kuisikiliza mpaka akaweza kuisema mwenyewe, pamoja na pale Pazi alipokohoa.

Akamshtaki Pazi kwa viongozi wa kundi, wale wanaojiita maadmini. Hakuwajua sura, na hilo lilimtosha kuwachukia. Walimjibu kwa maandishi, kwa adabu, kwamba mabadilishano yalifungwa kihalali, kifungu fulani, na kwamba kundi halihusiki na mila. Alimpelekea Awadhi simu asomewe mara ya pili, asije akawa amekosea. Hakuwa amekosea.

"Umeona?" alimwambia Awadhi. "Ndivyo walivyo. Ukimpa mtu kiti tu, amekwisha. Ya hospitali ni hayo hayo, ya tumbaku hayo hayo."

Awadhi alikuwa na saa ya mtu imefunguliwa mbele yake. Hakuinua kichwa.

"Raymundi ndugu yangu. Mwenyekiti alikuja kukufungia kile kifurushi?"

Raymundi akamjibu vibaya, maneno ya kumhusu mama yake Awadhi, ambayo si ya utani, akaondoka bila kuaga. Njiani alishuka kwenye baiskeli akaikokota. Alikuwa anajaribu kumtafuta mtu. Aliwapitia wote, mganga mkuu, mwenyekiti, wa chama cha msingi, maadmini, Pazi, na kila mmoja alimkuta na kosa lake mkononi, lakini hakuna aliyekuwapo chumbani Katarina aliposema ile ni ya Recheli. Alikuwapo yeye tu. Angeitoa ile Krismasi. Angeitoa arobaini, mbele za watu, ikachomekwa pale ilipotakiwa kuchomekwa, leo ingekuwa Usoke inakwenda kanisani. Na angemwambia Pazi siku ile: mtani, cheka, lakini hiki nimewekeshwa.

Recheli alikuja mwishoni mwa Oktoba. Kwaya ya Usoke ilialikwa kuimba Tabora Siku ya Marehemu Wote, na wenzake walikuwa wamemtania kwamba yeye ana beji ya mwaka wa tisini nyumbani kwao anaificha. Hayo aliyasema akiwa anaosha vyombo uani, amempa baba yake mgongo, kama mtu asiyetaka kudai.

Raymundi alimwambia yote. Alianza kwa maadmini, akaona hafiki, akaanza upya kwa kopo. Alipofika kwenye kanga iliyokatwa, Recheli aliacha kuosha. Baba akaingia ndani akarudi na beji tano zile kwenye kiganja, akazinyoosha mbele ya bintiye, akasema labda moja itamfaa.

Recheli alizitazama. Ile ya hoteli ilikuwa na mnazi.

"Hizi ni za kwako, baba," alisema. "Watu walikupa wewe."

Akakausha mikono kwenye kanga, akaomba simu. Raymundi akampa, akakaa kwenye kigoda, mkono umefunika mdomo. Alimsikia akimtafuta Pazi, kidole kinapanda na kushuka kwenye kioo, akipita picha, akipita vicheko vyao vya Juni, akisimama mahali. Alijua amesimama wapi, kwa sababu sauti yake mwenyewe ilitoka kwenye simu ikajaza ua, changamfu kupita kiasi: hii ni ya marehemu mke wangu. Recheli akaikata. Akabonyeza, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Shikamoo baba. Naitwa Recheli, mtoto wa Katarina. Sina ugomvi na wewe. Nauliza kitu kimoja tu. Huyo mtu wa Polandi, ulipompa, ulimwambia ni ya nani?"