Mkate wa Neculai

Bibi Evdochia alikuwa na siku moja tu. Jumanne, kabla ya saa sita mchana, picha ilitakiwa iwe mjini kwa fundi wa vigae, la sivyo Alhamisi, Sikukuu ya Kupaa, siku tunayowaombea waliofia vitani, msalaba wa babake ungebaki bila sura kama ulivyobaki miaka yote. Na hapo ilikuwa Jumatatu asubuhi. Fundi alikwisha kumwonya kwa simu kwamba sura ikishachomwa kwenye kigae haifutiki tena, kwa hiyo mama, hakikisha.

Balaa lilianzia kwenye neno hilo. Ahakikishe nini? Ile picha ilining'inia ukutani, kando ya picha takatifu ya Bikira Maria, tangu kabla yeye hajajua kusema. Askari wawili mbele ya pazia lililochorwa milima. Mmoja ameketi, mwembamba, mikono magotini, anatabasamu kama aliyechekeshwa sasa hivi. Mwingine amesimama upande wa kulia wa picha, mweusi wa nywele, nyusi nzito, kanuna. "Babako ndiye huyo aliyeketi," mama yake Ilinca alimfundisha. Na Evdochia akamshika huyohuyo. Kila jioni alimbusu. Alimweleza habari za harusi yake, za mume aliyependa chupa kuliko kitanda, za ng'ombe aliyekufa akizaa. Mtu mwenye miaka themanini ana mengi ya kusema, na yule kijana aliyasikiliza yote bila kuacha kutabasamu.

Baba mwenyewe, Neculai, aliondoka kwenda vitani mwaka wa arobaini na moja, Evdochia akiwa na miaka miwili, akiwa juu ya farasi wake jike aliyeitwa Murga. Mwaka uliofuata akapotelea kwenye theluji huko mto Don. Hakikurudi kitu, hata kifungo cha koti. Msalaba wake makaburini umesimama juu ya udongo mtupu, ubavuni mwa kaburi la Ilinca.

Lucreția, binti yake Evdochia, ni karani wa posta, na watu wa posta hawaamini kitu kisicho na muhuri. Akasema kwa kuwa fundi kataka uhakika, waende kwa Mzee Haralamb, yule sajini mstaafu anayekaa karibu na kinu. Wilaya nzima humpelekea picha za mababu, naye huangalia kola, vifungo na mikanda, akakwambia huyu alikuwa nani na alipigana wapi. Evdochia alikwenda kwa kumridhisha binti tu. Alivaa hata kitambaa chake kizuri.

Mzee Haralamb aliwapa kahawa, akaichukua fremu, akatoa kioo chake cha kukuzia. Akakaa nayo muda mrefu mno. Evdochia alianza kuona kahawa chungu.

"Mama Evdochia," akasema mwishowe, "babako alikwenda na farasi wake mwenyewe, sivyo?"

Evdochia akajibu kwamba hilo kijiji kizima kinalijua, kwamba mama yake alimsifia Murga kuliko alivyomsifia mumewe. Mzee Haralamb akaitikia kwa kichwa, lakini si kwa kufurahi. Akamwelekezea kioo kwenye miguu. Kwetu kijana mwenye farasi alikwenda naye jeshini, akawa askari wa farasi, na askari wa farasi alivaa buti ndefu zenye chuma cha kuchochea kisiginoni. Yule aliyeketi alikuwa amezungushiwa vitambaa toka kifundoni mpaka gotini. Askari wa miguu. Mwenye buti na chuma kisiginoni ni yule aliyenuna.

"Labda waliazimana," Lucreția akasema.

Mzee akakubali kwamba koti waliazimana, kofia pia, kwa ajili ya picha. Buti hapana. Na kingine: kifuani mwa yule aliyesimama palikuwa na kovu dogo, karatasi imekwaruzwa kwa sindano, si kwa uzee. Hapo palikuwa na utepe wa nishani ya Wajerumani. Wake wengi walizikwaruza baada ya vita, kwa kuogopa serikali mpya iliyowawinda waliopigana upande wa Wajerumani. Akauliza kwa sauti ya chini, nani angejisumbua kukwaruza kifua cha mwanamume asiye wake?

"Mama yangu hakuwa kipofu," Evdochia akasema, akainyakua picha yake, akatoka bila kuaga. Nasema kweli, hajawahi kufanya ufedhuli wa namna ile nyumbani kwa mtu.

Garini Lucreția alijaribu kutafuta suluhu. Wachome sura zote mbili kwenye kigae, yaishe. Evdochia akamuuliza kama anataka bibi yake alale milele na mwanamume asiye mumewe.

Lakini kilichomsumbua Evdochia si kigae. Ni mkate. Kwetu wafu hula tunachotoa. Unatoa mkate wa kusuka na mshumaa kwa jirani, unasema ni kwa roho ya fulani, na fulani huko aliko anapata. Asipotolewa mkate, hukaa kwenye meza yao akiwatazama wenzake wanakula. Padri husema Mungu huangalia jina. Wanawake wa kijiji chetu, Dealu Rece, waliozika wengi kuliko padri, wanasema jina halitoshi, lazima umwone mtu wako moyoni wakati mkono unatoa. Na Evdochia, kwa miaka zaidi ya sitini, Pasaka na Kupaa, Jumamosi zote za wafu, alikuwa akitaja Neculai huku moyoni akimwona yule mwembamba anayetabasamu. Nani basi alikuwa akiula ule mkate? Na kama ni yule, je, baba yake? Alimwona amekaa pembeni na zile nyusi nzito, miaka sabini na saba bila tonge. Si ajabu kanuna. Akashikwa na hofu, mwanamke mzima wa miaka themanini, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti.

Hapo ndipo lilipomrudia lile la mwaka wa hamsini na mbili. Walikuja wanaume wanne wa serikali kupekua nyumba. Mwezi uleule jirani yao alikuwa amechukuliwa kwa sababu ya nishani ya Wajerumani iliyokutwa sandukuni. Mmoja wao, mwenye koti la ngozi, aliishusha picha ukutani, akainama mbele ya Evdochia akamuuliza kwa upole babake ni yupi. Akamwonyesha aliyeketi. Yule bwana akaitazama ile miguu yenye vitambaa, akasema huyu alikuwa mtu wa miguu, maskini kama sisi, akairudisha picha mahali pake. Mama alikuwa amemwekea Evdochia mkono kichwani, na vidole vilizikamata nywele zake mpaka zikamuuma. Siku zote alidhani mama aliogopea magunia ya mahindi yaliyofichwa chini ya sakafu.

Mama alimfundisha, basi. Alimfundisha mtoto amwonyeshe mwingine, ili hata akiulizwa aseme bila kudanganya. Kisha akangoja zama zipite amwambie ukweli, na zama hazikupita, na mtoto akawa amekwisha kumpenda yule.

Evdochia angeweza kuishia hapo. Kukumbuka kulimvuta mbele zaidi, mpaka mwaka wa sabini na nne, kitandani kwa mama yake, na hapo aliomba Mungu amkatishe, asikumbuke. Akakumbuka.

Kiharusi kilikuwa kimemfunga Ilinca ulimi. Kwa mkono uliobaki mzima akaonyesha ukutani. Evdochia akashusha fremu, akamsogezea mdomoni. Mama akabusu kioo pembeni, upande wa kulia. Evdochia akaona huruma, masikini, macho nayo yamekwisha. Akaisogeza fremu kwa upole mpaka midomo ya mama ikamwangukia aliyeketi. Mama akageuza uso, akarudi kulekule pembeni. Evdochia akasogeza tena, akamwambia, "Hapa, mama, baba yuko hapa." Ilinca akamtazama, machozi yakaanza kumtiririka. Evdochia akayafuta kwa ncha ya shuka. Alidhani ni machozi ya kuaga. Mama alikufa siku ya pili yake.

Lucreția alimkuta pale jikoni, fremu mapajani. Akamuuliza kama anaumwa.

"Mama yangu hakuwa kipofu," Evdochia akasema. "Kipofu nilikuwa mimi. Kesho mpelekee fundi yule aliyesimama."

Alhamisi watu wa Dealu Rece tulijaa makaburini, na mayai mekundu, na ngano ya kupikwa kwa sukari. Kigae kilikuwa kimebandikwa. Evdochia alisimama mbele ya zile nyusi nzito, akagundua kwamba ni nyusi zake, alizoziona kwenye kioo maisha yake yote. Akaona haya, jinsi mtu anavyoona haya mbele ya mgeni aliyecheleweshewa chakula. "Shikamoo, baba," akasema. Akaomba radhi, kwake kwanza, halafu akageukia kaburi la pili na kuomba radhi ya lile busu. Machozi aliyatafuta, hakuyapata. Hawakuzoeana.

Kisha akamwita Tasia, jirani yake tangu utotoni, akampa mkate na mshumaa. Akaukazia macho uso wa kwenye kigae mpaka akahakikisha ameushika moyoni, ndipo akasema, "Kwa roho ya Neculai." Tasia akapokea, akasema Mungu apokee.

Evdochia akatoa mkate mwingine kikapuni. Huu ulikuwa mkubwa zaidi, umesukwa vizuri zaidi, na juu yake kikombe kipya. Tasia akamtania kwamba leo kaoka kama wa harusi, akanyoosha mikono na kungoja jina, maana sadaka haipokelewi bila jina.

"Huu wa nani?" akauliza.

Evdochia akafungua mdomo, jina halikuwepo. Miaka yote ile, yeye ndiye aliyekuwa akisema tu.

"Simjui jina," akasema. "Ndiye aliyenilea." Na hapo ndipo alipolia.