Sakafu Isiyo na Tundu

Maji yalikataa kutoka. Alikuwa ameyasukuma kwa fagio kutoka jikoni hadi sebuleni, akiimba chini chini, na yalipofika mlangoni yakagonga kizingiti, yakageuka na kumfuata miguuni. Hapo ndipo alipoitazama sakafu sawasawa. Nyumba nzima haikuwa na tundu hata moja la kupitishia maji.

"Ndoo," mzee aliita kutoka kwenye kiti chake, miguu ameinyanyua juu. "Umeamua kutuletea ziwa?"

Mzee alikuwa baba wa mwenye nyumba, na ndiye aliyembandika jina hilo wiki ya kwanza, alipogundua kwamba msaidizi mpya anaoga kwa ndoo na bomba la mvua lipo. Hakulichukia. Nyumba ile ilikuwa na mambo ya kushangaza kuliko jina. Madirisha yalifungwa mchana kutwa, nguo zilikaushwa ndani ya mashine na jua linawaka nje, na kila mtu alikula kwa saa yake, peke yake. Sakafu ya mbao alifundishwa kuipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Miezi minne aliipangusa hivyo, moyoni akisema kwamba huko si kusafisha, ni kuuhamisha uchafu.

Lakini leo haikuwa siku ya kupangusa. Mezani kulikuwa na barua inayosubiri sahihi ya mwenye nyumba. Akishaitia, binti wa Ndoo ataruhusiwa kuja kuishi na mama yake hapa. Mwisho wa kuipeleka ni kesho. Shangazi anayekaa na mtoto anahama Jumamosi, na alishasema wazi kwamba huko anakokwenda hana pa kumlaza. Basi akataka mwenye nyumba aikute sakafu imeoshwa kama kwao wanavyoosha kwa ajili ya mtu wanayemheshimu: ndoo nne, sabuni tele, na maji yanasukumwa mpaka uani.

Alipiga magoti. Alimaliza taulo zote, akachukua shuka zake, kisha gauni lake la kutokea. Akawa anakamua kwenye ndoo na kurudi, anakamua na kurudi. Maji yalikuwa yanazama katikati ya mbao, bila haraka, kama wenyeji. Mlango ukagongwa. Jirani wa ghorofa ya chini alisimama pale, bega limelowa.

"Dari langu linavuja," alisema kwa upole, akashuka zake.

Ndoo akamgeukia mzee. "Mzee wangu, niokoe. Sema umemwaga wewe."

"Ndoo nne? Mimi kikombe cha chai nashika kwa mikono miwili." Mzee alianza kucheka, akamwona uso, akaacha. "Nitakusemea. Ila huyu mwanangu namjua. Hagombi."

Hilo ndilo lililomtisha. Kwao mtu akichukia anawaka, anakupa vidonge vyako, na jioni mnakaa pamoja. Hapa sauti hazipandi. Msaidizi aliyekuwepo kabla yake aliunguza zulia kwa pasi, mzee alimsimulia. Akaambiwa hakuna neno, asijali. Wiki iliyofuata alifungashiwa vitu vyake.

Saa kumi mwenye nyumba aliingia, akavua viatu mlangoni kama kawaida, akapiga hatua. Soksi zikanyonya maji. Alitazama mbao zilizoanza kutuna kando ya meza, akamtazama yeye, akatazama tena mbao.

"Mama, nigombeze," alisema, bado yuko magotini. "Nitukane kabisa. Nilitaka ing'ae kwa ajili yako. Nigombeze mpaka uchoke, halafu utie sahihi."

"Hakujua, mwanangu," mzee alisema. "Kwao maji yana njia yake."

Mwenye nyumba alivua soksi moja, kisha ya pili, akazikunja pamoja.

"Hakuna neno," alisema kwa sauti laini. "Usijali."

Akaichukua barua mezani, akaipangusa tone kwa kidole, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango.

Simu ikaita mfukoni mwa Ndoo. Alipokea kwa sababu mkono ulizoea kupokea.

"Mama, napanga begi," binti alisema. "Sweta niiweke juu au chini kabisa? Shangazi anasema nikifika tu nitaihitaji."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka na hakuwa na kitambaa kikavu cha kuyafutia.

"Juu," alisema. "Weka juu, mwanangu."

Alikandamiza ubao uliotuna kwa kiganja. Ukalala. Alipoinua mkono, ukanyanyuka tena taratibu. Akaweka simu chini, akaukandamiza kwa mikono yote miwili, akautilia uzito wake wote, na huku anautegea sikio ule mlango uliofungwa.