Dole la Mtengenezaji Sabuni

Sabuni ikiganda kiasi cha kukubali kidole bila kunata, mtengenezaji sabuni hubonyeza kila kipande kwa dole gumba la kulia. Dole hilo lina kovu lililokatiza katikati, kwa sababu aliungua na dawa kali ya sabuni alipokuwa akijifunza kazi. Hajawahi kutumia muhuri. Alama ya dole ndiyo alama yake ya biashara, imesajiliwa, na cheti kimetundikwa ukutani juu ya masufuria.

Siku ya Jumanne mtengenezaji alivuka mpaka na mzigo wa sabuni. Ofisa wa forodha alipofungua maboksi, vipande vyote havikuwa tena na alama. Akaomba kuona dole lenyewe. Lilikuwa laini kama mgongo wa kijiko, hata kovu halikuwepo.

"Alama hii huku ina mwenyewe," ofisa alisema. "Wewe umesajili wapi?"

"Nyumbani."

"Basi cheti chako kinaishia pale kwenye kizuizi, dada. Na dole nalo linaishia palepale."

Wifi yake, aliyekuwa akiendesha gari, alikichungulia kidole. "Shukuru hukuweka picha ya uso. Sasa hivi ungekuwa unabishana na watu huna pua."

Mwenye alama alikuwa msambazaji wake. Mwaka jana alifika karakanani akamwomba abonyeze dole kwenye karatasi nyeupe, ili wenye maduka wa kwao watambue sabuni halisi. Mtengenezaji alibonyeza mara mbili, kwa kuwa la kwanza lilikaa upande. Msambazaji aliipeleka karatasi kwenye ofisi ya usajili ya nchi yake, kwa jina lake mwenyewe. Cheti kilitoka Ijumaa iliyopita.

Ofisi hiyo ilikuwa hatua chache kutoka forodhani. Karani alisoma pingamizi aliloliandika mtengenezaji palepale, kurasa zote sita, pamoja na picha na barua za wateja, za miaka kumi na minne, alizokuwa nazo garini.

"Ushahidi umekamilika," alisema. "Hata mimi umenishawishi. Weka dole hapa chini."

Mtengenezaji alipaka wino, akabonyeza. Likatoka doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja.

"Fomu inataka dole la kulia la mlalamikaji," karani alisema.

"Dole ndilo ninalodai!"

"Naelewa. Lakini bila dole siwezi kupokea madai."

"Nitie sahihi basi."

"Sahihi ni kwa wenye alama za maandishi."

Karani alifunga jalada taratibu, bila ubaya wowote.

Waliporudi forodhani, msambazaji alikuwa ameshaitwa. Alimwamkia kwa heshima zote.

"Mama yangu, mbona hukunipigia? Haya ni mambo ya kumalizana kifamilia. Wewe endelea kupika, mimi nitakuwa nabonyeza."

Mtengenezaji alimtazama mkono. Kovu lilikuwa limekatiza dole gumba la msambazaji, limepona vizuri, ila lilikuwa pana kidogo kuliko kidole.

"Uliungua lini?"

Msambazaji alifikiri kwa uaminifu. "Ijumaa."

"Mwizi mkubwa wewe!" wifi alisema. Ofisa akamwomba apunguze sauti.

Mtengenezaji alitaka mzigo uchomwe moto. Ofisa alieleza kuwa kuchoma kunahitaji idhini ya mwenye alama, na mwenye alama hakuridhia. Msambazaji alikunja mikono ya shati, akaanza kazi. Sabuni ile ilikuwa imekauka wiki sita, haingebonyea hata kwa nyundo. Kwake ilikubali kama siagi. Alibonyeza boksi zima, na hakuna dole lililokaa upande.

Ofisa alichukua kipande kimoja, akakilinganisha na cheti, akaandika kwenye fomu kwamba si bandia. Kisha akamwomba mtengenezaji sabuni aondoe mkono wake juu ya boksi, kwa kuwa ile ni mali ya mtu.