Nipe Mji

Kitendawili! Hata kama umejibu "tega" kwa macho tu, nimesikia. Haya: hana mdomo, kasema ndiyo, hana mkono, katia saini. Ni nani huyo? Ukishindwa utanipa mji, lakini usikimbilie kunipa. Miji haitolewi ovyo, ingawa mimi niliona mmoja ukitolewa mchana kweupe, watu wakipiga makofi.

Mji wenyewe ni wetu. Mto umeupasua katikati kama njia ya nywele kichwani, na daraja likaushona. Ukingo huu ni nchi yetu, ukingo ule ni nchi ya pili. Zamani hilo lilikuwa jambo la ramani, si la watu. Mdogo wangu aliolewa ng'ambo, na kila asubuhi alivuka kuja kumbeba mwanangu mgongoni, mimi nikiwa nimeinamia cherehani nikishona sare za shule. Mtoto yule alianza kusema kabla hajatambaa vizuri. Tukamwita Redio, tena redio isiyo na kitufe cha kuzimia.

Jioni tulitegeana vitendawili, sisi watatu. Redio akikwama alinitazama mimi, nami nilimnong'oneza jibu huku nikijifanya nakohoa. Mdogo wangu aliruka juu: "Mnaniibia mji wangu! Mama na mwana, wezi watupu!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha nchi zikakosana. Bunduki zikasemezana juu ya maji, na daraja likazibwa kwa vizuizi vya zege. Tukawa ndugu wa simu. Miaka ikapita hivyo, na macho ya mdogo wangu yakaanza kuingia ukungu. Daktari wa huko akamwambia mwanga ukishaondoka haurudi.

"Dada," aliniambia, "nataka nikuone wakati bado naweza kukucheka ulivyozeeka."

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba wakuu wa nchi zote jirani wangekutana kutupatanisha, nilishusha pumzi. Redio alikuwa sasa afisa wa wizara ya mambo ya nje, na alikuwa kwenye kamati ya kuandika tamko la mkutano. Nilijiambia: mlango unafunguliwa, na aliyeshika ufunguo ni mtu wa nyumbani.

Alikuja kuniaga, suti yake ikinukia pasi.

"Mama, sentensi nimeiandika kwa mkono wangu: wakazi wa kingo zote mbili watavuka kwa miguu."

"Na marais wakiikataa?"

"Marais hawaji kupika, Mama, wanakuja kupakua. Chungu tunakikoroga sisi kabla hawajatua. Mwishoni rasimu inazungushwa mezani, mwenyekiti anauliza nani anapinga. Asiyesema, amekubali."

"Hata kama amesinzia?"

"Hata kama anakoroma."

"Basi wamekupata wewe. Ulimi wako haujasinzia tangu nikuzae."

Alicheka, akampigia mama yake mdogo palepale. "Tafuta viatu, Mama Mdogo. Unakuja kwa miguu yako mwenyewe." Nikasikia ng'ambo kilio cha mtu anayecheka.

Nilikata kitambaa siku hiyohiyo. Magauni mawili, sare, rangi ya chungwa lililoiva, ili macho yenye ukungu yasinikose kwenye umati. La mdogo wangu nililikata kwa kipimo kilichokuwa kichwani mwangu.

Siku ya tamko, sebule yangu ilijaa majirani. Tuliona zulia jekundu, bendera zimepangwa kama wanafunzi wa mstarini, na viongozi wawili waliokuwa wakitukanana juzi wakipeana mikono mpaka nikahofia wataing'oa. Tamko likasomwa. Mapigano yakome. Vizuizi viondolewe. Malori ya mizigo yapite darajani. Mimi nilikuwa nangoja sentensi yangu kama mgonjwa anavyongoja kuitwa jina. Msomaji akafunga jalada. Makofi. Wakapanga safu kwa picha ya pamoja, na mwanangu alikuwa nyuma kabisa, meno yote nje.

"Labda wameikatisha kwa matangazo, Mama Redio," jirani mmoja alisema kwa upole. "Itarudi."

Simu ikalia. "Dada, sikusikia vizuri," mdogo wangu aliniuliza. "Sisi wamesema tuvuke lini?"

Niliinuka, nikazima televisheni.

Nisidhulumu. Bunduki zilinyamaza kweli. Dawa zilivuka, unga ulivuka, na kina mama waliokuwa wakilaza watoto chini ya vitanda wakawarudisha juu. Mkutano ule uliokoa watu ambao sitawajua sura wala majina. Ndicho kilichoniuma zaidi: kitu kilichonivunja sikuweza hata kukilaani.

Redio alirudi na mkoba uliotariziwa bendera zote. Nilimwekea chai.

"Sentensi yetu iko wapi?"

"Iliondolewa, Mama."

"Na nani?"

"Wale wa upande wa pili walihofia wapiganaji watajipenyeza katikati ya raia. Na sisi tulihitaji malori. Ukishikilia kila kitu unakosa vyote."

"Ilipoondolewa, mwenyekiti aliuliza nani anapinga?"

"Aliuliza."

"Wewe ulisema nini?"

Redio akaanza kuzungumza. Alinieleza habari za saruji na dawa, akanieleza kwamba amani ni ngazi na haipandwi kwa kuruka, akanieleza mkutano mwingine utakaofuata na mwingine baada ya huo. Alizungumza mpaka chai ikafanya utando. Nilimsikiliza yote, na ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kusema sana ili asiseme. Neno nililomwuliza halikuwemo.

Adui akikufungia mlango, unajua pa kupiga teke. Lakini huyu ningempiga teke wapi? Waliotutangulia walituambia kikulacho ki nguoni mwako; hawakutuambia kwamba nguo yenyewe huenda uliishona wewe, ukaipiga na pasi. Siku zile cherehani yangu ilikata uzi kila nilipokanyaga. Redio alipiga simu, nikamjibu "nipo," nikakata.

Hatimaye nilimwita. "Nipeleke darajani."

Nilivaa gauni langu la chungwa. La pili nililifunga vizuri, nikampa dereva wa lori aliyekuwa kwenye foleni, naye akaahidi kulikabidhi kwa mdogo wangu, niliyekwisha kumpigia simu angoje upande wa pili wa daraja. Nikajaribu bahati yangu kwenye lango la ukaguzi.

"Mzigo unapita, bibi," askari aliniambia. "Mtu hapiti."

"Basi niandike mzigo, mwanangu. Mimi si mzito."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akatazama viatu vyake.

Tulisimama kwenye ukingo wa mto, mimi na Redio, jua likitupiga utosini. Malori yalivuka moja baada ya jingine. Muda si muda, ng'ambo, pakatokea kidoa cha rangi ya chungwa. Simu yangu ikalia, nikaiweka sauti ya juu.

"Dada! Naona kitu cha chungwa. Ni wewe au ni ndoo?"

"Ni mimi."

"Ndoo imenenepa!"

Nilicheka huku machozi yakinishuka. "Na gauni lako, limekukaa?"

"Limenipwaya, dada. Usiulaumu mkono wako. Kipimo ni kile kile; niliyepungua ni mimi." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya jioni zetu. "Redio yupo hapo?"

"Nipo, Mama Mdogo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako kanieleza yote, isipokuwa moja, kwa sababu na yeye halijui. Waliuliza nani anapinga. Wewe ulisema nini? Jibu, au nipe mji."

Redio alinigeukia. Yalikuwa macho yale yale, ya mtoto aliyekwama, yanayongoja mama akohoe. Na kikohozi kilikuja, nakwambia, kikafika kooni chenyewe, kwa mazoea. Ningeweza kumjibia. Ningeweza kusema walimtisha, ningeweza kusema hakusikia.

Nilikimeza. Nikageuza uso, nikakitazama kile kidoa ng'ambo, kimesimama wima, mkono mmoja juu ya macho.

Lori likapita, daraja likatetemeka, kisha likatulia. Hakuna aliyekata simu.

"Nilinyamaza, Mama Mdogo."