Pilipili Avuliwa Shada

Siku ya Mtakatifu Trifoni, mlinzi wa mizabibu, wanaume walikwenda kuipogolea. Dochka alibaki nyumbani, jicho kwenye bakuli la dirishani. Humo baba mkwe wake, Penyo, alikuwa ameloweka mbegu za pilipili hoho. Kesho zingeingia kitaluni, na mwezi wa Mei miche ingehamishiwa shamba lile lile la mtoni, ambako miche ilikufa kwa mnyauko misimu miwili mfululizo. Ikifa tena, mumewe Vesko angekwenda Ujerumani kuchuma matango ya watu.

“Ugonjwa umo udongoni, Baba,” Dochka alikwisha kumwambia Penyo. “Tupande shayiri pale, pilipili ziende kilimani. Ndio mzunguko wa mazao.”

“Kinachozunguka ni kichwa chako, binti. Pale alipanda babu yangu.”

Adhuhuri ngoma ilisikika. Wanaume, Vesko miongoni mwao, waliingia uani wamembeba Penyo juu juu, masharubu yakidondosha divai, kichwani shada la matawi ya mzabibu. Ndiye waliyemchagua kuwa mfalme mpya wa mizabibu mwaka huu. Nyuma alikuja Kuncho, mfalme wa mwaka jana, kichwa wazi.

“Mvua ya mawe ipige zabibu, nivuliwe shada mimi!” alilalamika. “Kwani niliyarusha mimi?”

“Sheria ni sheria,” Penyo alicheka. “Mavuno mabaya, mfalme anashuka. Hatuangalii ukoo.”

Dochka alikuwa akigawa divai. Alipofika kwa Penyo, akasita.

“Na yakiwa mabaya mara mbili, Baba?”

“Huyo hata langoni hafiki!”

“Mbona pilipili bado anatawala kule mtoni?”

 Kuncho akaangua kicheko.

“Jibu, mfalme! Au pilipili ni shemeji yako?”

Penyo alilitazama bakuli la dirishani, akakuna shingo.

“Shayiri itaota pale?”

“Itaota. Na ule ugonjwa hauishambulii shayiri, utapungua wenyewe. Lakini si kwa mwaka mmoja. Mitatu.”

“Mitatu!”

“Mitatu, Baba.”

Penyo alinyoosha kikombe. Dochka hakumimina.

“Haya, kilimani!” Penyo alinguruma. “Mimina, mfalme ana kiu. Ila kule kumejaa mawe. Nani atayatoa?”

Dochka alimimina hadi ukingoni, akamgeukia Vesko.

“Yupo mtu hapa,” alisema, “hana tena safari.”