Gari la Fungate

Kwa miaka thelathini Daktari Gernot Häberle aling'oa meno ya watu wa mji wa Esslingen, Ujerumani, na miaka yote hiyo fungate yake na Roswitha ilikuwa ya mwakani. Alipostaafu, Roswitha alimwambia mara moja, bila kupaza sauti: "Tarehe tano Novemba tunatimiza miaka thelathini ya ndoa. Tunakwenda Ziwa Garda, Italia, kwa gari, wawili, au nakwenda peke yangu."

Basi Gernot akajitwika mzigo mzito wa kuchagua gari.

La kwanza lilikuwa la Kijerumani, la kasi lakini lenye adabu: buti lilimeza masanduku mawili, na nyonga ya Roswitha haikulalamika kuingia wala kutoka. La pili lilitoka Italia, jekundu, refu la pua, ngozi ya viti laini kama shavu la mtoto. Buti lake lilitosha miswaki miwili, ikilazwa.

"La kwanza lina akili," Roswitha alisema.

"Akili ninayo mimi. Kwenye gari natafuta roho."

"Haya, mwenye akili. Nguo zangu nizivae zote kwa pamoja?"

Wiki saba Gernot alijaza jedwali: matairi, mafuta, ukubwa wa buti. Gari la Kijerumani likashinda kila mstari. Akanunua la Kiitalia.

Kisha ubahili ambao watu wa kwao wanasifika nao ukamrudia. Mtu aliyelipia gari bei ya nyumba alienda kubana senti kwenye kodi ya barabara: akaomba namba za msimu, zinazoruhusu gari barabarani, pamoja na bima yake, Aprili hadi Oktoba tu. "Nani atalipitisha hili kwenye chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi?" alimwuliza karani, akijipongeza.

Asubuhi ya tarehe tano Novemba, Roswitha alisimama gereji na sanduku lake. Akainama, akasoma tarakimu ndogo za miezi pembeni mwa kibao cha namba: 04 juu, 10 chini.

"Gernot. Huu mwezi gani?"

Gernot akatazama kibao. Rangi ikamtoka.

"Tukipita njia za vijijini..."

"Bila bima? Fungate tukalale kituo cha polisi?"

"Aprili basi, mpenzi. Aprili ziwa lina maua."

"Mwakani," Roswitha alisema. "Sema tu, baba, nimeshalizoea."

Nje teksi ya kwenda stesheni ilipiga honi. Roswitha alikuwa ameiagiza tangu jana yake, kwa tahadhari; akachukua sanduku lake, akaenda kuipanda.

Gernot akaingia kwenye gari, akashika usukani. Kiti cha pembeni kilikuwa kizuri ajabu. Hakikuwa na hata kunyanzi moja.